Kuruka tandemu Mbeya: kabla hujafungwa mikanda, soma hapa kwanza

Mteremko (mleta uzi)

Wakuu heshima mbele.

Tangu picha za wale wageni wanaoruka na paraglaida zianze kuzunguka kwenye magrupu ya WhatsApp hapa Mbeya naulizwa swali lilelile: eti kuna rubani anakuja na bawa la watu wawili (ndiyo tandemu), anatafuta abiria wa kuruka naye kutoka kule juu barabara ya Chunya, je ni salama? Meseji zimekuwa nyingi, acha nijibu hapa wote msome.

Mjue kwanza nani anaongea. Nilijifunza kuruka Bonde la Kerio, Kenya, na leseni yangu ni ya kuruka peke yangu. Sibebi abiria. Ila kazi ya chini kwenye tandemu nimeifanya sana: kutandaza bawa, kufunga watu mikanda, kumshika abiria wakati wa kuondoka, kumwambia subiri. Ukikaa pale chini unaona mengi ambayo abiria hayaoni kwa sababu anawaza video.

Kwa wasiojua, paraglaida si parachuti ya jeshi. Ni bawa la kitambaa lisilo na fremu wala injini. Hewa inaingia kwa mbele, inajaza vyumba vya ndani, bawa linapata umbo na kuanza kubeba. Waliolifanya kuondoka nalo mlimani kwa miguu kuwa mchezo ni Wafaransa, pale Mieussy mwaka 1978, na kweli wao walianza na parachuti za kurukia kutoka kwenye ndege. Ya watu wawili ni kubwa zaidi, mita za mraba kama 40, abiria anakaa mbele, rubani nyuma yake, na spreda mbili ndizo zinazounganisha mikanda ya wote wawili na bawa.

Hoja yangu ni hii. Abiria wa tandemu ana mamlaka mawili tu, kuuliza na kukataa, na yote mawili yanaisha miguu ikiacha ardhi. Kwa hiyo yatumie ukiwa bado umesimama.

Anza na rubani. Leseni ya kuruka peke yako hairuhusu kubeba mtu, ndiyo maana mimi sibebi. Mwambie akuonyeshe kibali cha tandemu. Waliosomea Uingereza wanakuwa na makaratasi ya chama chao cha BHPA, Marekani USHPA, na wengi wana kadi ya IPPI ya FAI, shirikisho la kimataifa la michezo ya anga, ambayo nchi nyingi zinaitambua. Hiyo IPPI inakuonyesha kiwango cha urubani, ya kubeba abiria iulizie peke yake. Muulize mara ya mwisho kuruka na abiria ni lini, na kama ameshawahi kuruka hapo hapo mlipo. Rubani anayejiamini atakujibu huku anatandaza kamba zake. Anayenuna, muage kwa amani.

Halafu mahali. Pale wanapopaita World's End ukisimama unaiona Usangu yote chini yako. Ukingo kama ule unataka upepo unaopanda kutoka bondeni ukugonge usoni. Upepo ukitokea upande wa mjini unakuja mgongoni, na hapo hapafai kabisa: hewa inamwagika kuelekea chini na kujiviringa mbele ya ukingo, na bawa likiingia kwenye huo mvurugo linakunjika. Kinachoudhi ni kwamba ukisimama pale ukingoni unaweza kuhisi kaupepo kazuri ka mbele, ukadhani mambo safi, kumbe ni ule mviringo wenyewe unarudi juu. Ndiyo maana rubani makini hatazami kile kitambaa cha pale miguuni tu. Anatazama moshi wa mashamba kule chini, vumbi la barabarani, kivuli cha mawingu kinakokwenda.

La tatu ni urefu wa hizi nyanda zetu. Kwenye mita 2,400 hivi hewa ina uzito wa asilimia 79 tu ya ile ya pwani, na siku ya joto inapungua zaidi. Bawa linalokwenda kilomita 38 kwa saa usawa wa bahari, huku linatakiwa kwenda karibu 43 ndipo libebe uzito uleule. Tafsiri yake ni kwamba miguu minne, yako na ya rubani, ikimbie zaidi na kwa muda mrefu zaidi. Na hapo ndipo abiria wengi wanapoharibu. Wakihisi mikanda inawavuta juu wanakaa, au wanarukaruka. Ukikaa mapema uzito wote unamwangukia rubani aliye nyuma, mnajikuta mnaburuzwa kwenye mawe. Ukiambiwa kimbia, kimbia mpaka miguu inakimbia hewani, uendelee tu, mpaka aseme kaa.

Naishia hapo kwa sasa. Maswali karibuni, nitarudi jioni.

Boda_Uyole

Mleta uzi umetisha. Lakini mkuu, mimi napakia mishikaki Uyole mpaka Mafiati kila siku, na mvua, na malori ya Zambia yananipumulia mgongoni. Hiyo ya hewani kuna lori gani?

Mteremko

Boda_Uyole, lori halipo, ila boda ikizingua unaweka mguu chini. Usidhani najisifu, najua nanyi mna hatari zenu. Tofauti ni kwamba paraglaida ajali zake nyingi zinatokea wakati wa kuondoka na wakati wa kutua, yaani karibu na ardhi, pale ambapo parachuti ya akiba haina muda wa kufunguka.

Mama_Mwanjelwa

Ndaga fijo mwanangu kwa maelezo. Mimi nina kilo 97 nisiwafiche, viazi ninavyouza navionja. Binti yangu wa darasa la tano ana kilo 28 na ndiye anayenisumbua anataka kuruka. Nimemwambia yeye mwepesi ataruka, mimi nitabaki kushika mikoba. Nimekosea?

Mteremko

Shikamoo mama. Swali zuri sana, na jibu linaweza kuwa kinyume na ulivyofikiri.

Kila bawa lina uzito wa chini na wa juu, umeandikwa kwenye kibandiko kilichochapwa ndani ya kitambaa pale katikati. Mwambie rubani akuonyeshe. Uzito unaohesabiwa ni wa kila kitu kinachopaa: rubani, abiria, bawa lenyewe, mikanda, parachuti ya akiba, viatu, koti, maji.

Tuseme kibandiko kinasema kilo 130 mpaka 220. Rubani ana kilo 68, vifaa vyote kilo 25. Ukipanda wewe inakuwa 190, uko ndani kabisa. Akipanda binti inakuwa 121, yuko nje kwa chini. Bawa kubwa lenye mzigo mdogo halina mkazo wa kutosha, linayumbishwa na kila mpapaso wa hewa na linakunjika kirahisi, na upepo ukiongezeka linakosa nguvu ya kusonga mbele. Kuna mabawa yanayoanzia uzito mdogo zaidi na marubani wazito zaidi, kwa hiyo mtoto hakataliwi kwa umri pekee. Lakini mikanda yake lazima iwe ya saizi yake. Mkanda wa mtu mzima uliovutwa mpaka mwisho kwa mtoto wa kilo 28, hapana.

Na uzito wako useme wa kweli kama ulivyousema hapa. Kuna watu wanapunguza kilo 15 kwa aibu, halafu rubani anapiga hesabu ya uongo.

Kitonga_Juu

Mkuu unatisha watu bure. Kerio wanaruka kila siku, Iten nako ni mita 2,400 kama hapo unapopasema, mbona hatusikii hizo stori za hewa nyepesi? Tena mimi nimeona jamaa anaondoka na upepo mkali bawa linamnyanyua wima bila hata kukimbia hatua moja. Upepo ukiwa mwingi ndiyo rahisi. Na kama ni mlima, leteni huo mchezo Kitonga, watalii wapo barabarani tayari.

Mteremko

Kitonga_Juu, la Iten uko sahihi, urefu unakaribiana sana. Nimejifunzia huko. Hizo stori huzisikii kwa sababu wanaoruka pale wanaujua ule mteremko, wanajua saa gani hewa inapoanza kuchemka, na viwanja vya kutulia chini vinajulikana. Hewa nyepesi haikatazi mtu kuruka, inabadilisha hesabu tu.

La upepo mkali sikubaliani nawe hata kidogo. Huyo uliyemwona bila shaka alikuwa peke yake. Bawa la tandemu ni kubwa, upepo ukilishika kabla rubani hajalitawala linawaburuza wawili, na mmoja wao hajui hata ageukie wapi. Marubani wengi wa tandemu ninaowafahamu wakiona kilomita 25 kwa saa wanakaa chini. Na zaidi ya wastani, tazama mruko wa upepo: ukisoma 12 halafu ghafla 26 halafu 10, hiyo ni mbaya kuliko 20 iliyotulia.

Kisha piga hesabu ya kutua. Bawa la tandemu kwenye hewa tulivu linakwenda mbele mita 8 hivi kwa kila mita 1 linaloshuka. Kutoka mita 2,400 mpaka uwanda wa Usangu ulioko kama 1,100, una mita 1,300 za kutumia, yaani kilomita 10. Inapendeza. Sasa weka upepo wa 20 usoni dhidi ya bawa linalokwenda kama 40 kwa urefu huo. Kilomita 10 zimekuwa 5 tu. Kama kiwanja ulichopanga kiko kilomita 7, utatua kwenye miiba, kwenye miti au kwenye nyaya. Upepo ukilingana na mwendo wa bawa ndiyo unasimama palepale angani kama umeegeshwa, na ukiongezeka kidogo unaanza kurudi kinyumenyume juu ya mlima.

Kitonga sahau. Bonde jembamba, miteremko ya mawe na miti, barabara ya TANZAM imejaa malori kona kwa kona. Ukiondoka pale unatua wapi? Kwanza unatafuta pa kutua, halafu ndipo unatafuta pa kuondokea. Uliyeanza na mandhari umeanza vibaya.

Kitonga_Juu

Sawa la Kitonga nimekuelewa. La upepo tutakubaliana kutokubaliana.

Mteremko

Mimi na wewe tunaweza. Ila abiria usimwambie hivyo.

Fundi_Miyomboni

Kamwene wadau. Mimi ni fundi cherehani hapa Iringa mjini, nashona na maturubai na mahema. Mwaka jana aliletwa kwangu kijana na kitambaa cha hivyo, kimechanika urefu wa kiganja jirani na mshono, kakamba kamoja kamekatika. Anataka nishone na kufunga fundo. Kitambaa kilikuwa chepesi mno, ukikipapasa kinalia kama karatasi mpya, kwingine, upande wa juu, kimelainika hata hakilii. Nilimrudishia. Nilifanya sawa au nilikataa hela ya bure?

Mteremko

Fundi, ungeniambia hii nikiwa karibu ningekununulia soda. Ulifanya sawa kabisa.

Kile kitambaa ni nailoni ya mraba mraba iliyopakwa dawa ya kuzuia hewa isipenye. Jua linaila ile dawa. Hicho ulichokihisi kwa vidole, huku kinalia na huku kimelainika, ndicho kinachopimwa kwa mashine: hewa inapita kwa kasi gani kwenye nguo. Ikipita haraka mno bawa linaanza kudondoka badala ya kuteleza, hasa linapopunguzwa mwendo. Kwa jicho bado linapendeza, rangi zinang'aa.

Mchaniko mdogo katikati ya kitambaa unabandikwa na utepe maalumu pande zote mbili, rubani mwenyewe anaweza. Mchaniko karibu na mshono, au mahali kamba inaposhikia, ni kazi ya karakana inayojua vipimo vya bawa hilo. Na kamba haifungwi fundo. Fundo linaweza kuondoa karibu nusu ya nguvu yake, halafu linaifupisha, na sentimita chache upande mmoja zinatosha bawa kuvuta kona lenyewe.

Bawa linalobeba abiria kwa kawaida linatakiwa kukaguliwa na karakana kila mwaka au kila saa 100 za kuruka, kinachotangulia ndicho kinachoshika. Parachuti ya akiba inafunguliwa na kufungashwa upya kwa ratiba ya mtengenezaji, mara nyingi isizidi mwaka. Rubani ana kijitabu cha tarehe hizo. Omba ukione.

Kitu kingine ambacho watu wa huku tunapaswa kukijua kuliko wageni: panzi. Ukikunja bawa kwenye nyasi zetu msimu wa panzi na wawili watatu wakabaki ndani, wanatoboa kitambaa wapate kutoka. Unafungua wiki ijayo unakuta matundu yamepangana kila mkunjo. Nimewahi kukaa na kung'uta bawa vyumba kwa vyumba jua linazama, watoto wa kijijini wanacheka wanaokota mboga.

Fundi_Miyomboni

Hahaha mboga imepatikana. Basi akirudi namwelekeza huko karakana.

Nesi_wa_Zamu

Naomba niongeze upande wetu, maana mkianguka mnaletwa kwetu.

Majeraha ya mchezo huu yanayotuumiza kichwa ni mgongo, nyonga na vifundo vya miguu. Mtu anashuka kwa nguvu akiwa amekaa, uzito unaingia kwenye uti wa mgongo, pingili inabonyea. Anaweza kusimama, akasema niko poa, kisha baada ya saa moja miguu ikaanza ganzi. Kwa hiyo mkiwa wasaidizi, msimwinue kwa mikono na miguu kama gunia na kumtupia nyuma ya pikipiki. Mwacheni alivyolala kama hakuna moto wala maji, msimvue helmeti, mshikeni kichwa kisigeuke, mfunikeni. Huko juu ni baridi na mtu aliyeumia anapoa haraka kuliko mnavyodhani. Kata kamba au tuliza bawa kwanza lisije likajaa upepo likawaburuza tena.

Swali langu kwa rubani yeyote lingekuwa hili: gari la kumbeba mtu amelala liko wapi, liko juu mlipoondokea au chini mnapotua? Maana kutoka Usangu kurudi mjini hospitali ya rufaa si mwendo mfupi, na simu huko chini kuna mahali haishiki.

Na wajawazito, wenye mgongo uliowahi kufanyiwa upasuaji, wenye kifafa na shida ya moyo, semeni kabla. Si siri ya kubaki nayo.

Mteremko

Nesi asante sana. La gari chini watu hulisahau. Na redio: mtu wa juu na mtu wa kiwanja cha chini wawe wanasikilizana kabla hata bawa halijatandazwa.

Mdau_Ughaibuni

Niko Marekani huku. Kuongezea tu, kanuni ya FAA, mamlaka ya anga ya huku, namba 103 inayoruhusu hivi vyombo vyepesi bila leseni ya serikali inasema mtu mmoja tu. Tandemu zinaruka kwa msamaha maalumu, na masharti yake ni kwamba safari iwe ya mafunzo na rubani awe mkufunzi. Ndiyo maana ukienda huku kuruka wanakusainisha uanachama wa siku chache na wanakufundisha kitu kidogo, hata kama wewe umekuja kupiga picha. Nilidhani ni usumbufu, kumbe ndiyo sheria yenyewe.

Mchungulia_Anga

Na kwetu kibali anatoa nani? Maana kijana wa mtaani akiambiwa twende anaenda tu.

Mteremko

Anga la nchi hii liko chini ya TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga. Mgeni anayetaka kubeba abiria kwa hela aulizwe barua yake kutoka huko, na si ile ya kuingiza nchini mizigo ya michezo. Tunao uwanja wa Songwe wenye ndege za abiria, bawa lisilo na redio ya anga halifai kujitembeza upande huo kwa kubahatisha. Ardhi ya kuondokea nayo ina mwenyewe: kama ni hifadhi ya msitu kuna TFS, wakala wa misitu, kama ni ya kijiji kuna serikali ya kijiji. Kitulo na hifadhi nyingine za taifa ni TANAPA. Na kule chini kuna shamba la mtu la mpunga. Ukitua kwenye mpunga wa mtu bila salamu, mwaka unaofuata hakuna kiwanja.

Kibali pekee hakitoshi pia. Septemba 2019 Kilimanjaro, ambako kuruka kunaruhusiwa kwa utaratibu wa hifadhi, raia wa Kanada alifariki, na TANAPA ilieleza kwamba parachuti yake haikufunguka.

Boda_Uyole

Hapo umenitisha kweli. Hivi hiyo ya akiba ipo na inafunguka?

Mteremko

Ipo na ni kubwa kuliko ya mtu mmoja, kwa sababu inabeba wawili. Kipimo cha Ulaya kinataka ishuke isiyozidi mita 5.5 kwa sekunde ikiwa na mzigo wake wa juu, sawa na kuruka chini kutoka ukuta wa mita moja na nusu. Utaumia pengine, utapona. Lakini inahitaji urefu ili ifunguke, na haina usukani, inakwenda upepo unakotaka. Kile kishikio chake chenye rangi kali usikiguse wala kamera yako isikining'inie karibu. Shika mikanda yako ya mabegani au kama rubani alivyokuelekeza. Usishike zile kamba zinazopanda kwenye bawa, usishike mikono ya rubani. Na hicho kijiti cha kujipigia picha kiache kwenye gari, kikinasa kwenye kamba mtakuwa na shida ambayo haikuwapo.

Tukifika hapo niseme la mikanda, maana ndilo linaloua kijinga kuliko yote. Mikanda ya mapajani. Ukiondoka nayo ikiwa wazi, unapopaa unateleza chini ukaning'inia kwa makwapa. Mikanda ya kisasa imetengenezwa kifuani kusifungike mpaka ya miguu ifungwe, ila ya zamani haina hilo. Kuna video ya Uswisi ya mwaka 2018, mtalii kwenye hang glaida, ile yenye fremu, rubani alisahau kabisa kumuunganisha. Jamaa alining'inia kwa mikono zaidi ya dakika mbili mpaka wakatua, akavunjika mkono wa kiganjani. Rubani hakuwa mgeni wa kazi. Alisahau tu.

Kwa hiyo jiguse mwenyewe. Paja la kulia, kushoto, kifua, kidevu cha helmeti, karabina (chuma kinachounganisha mikanda yako) ya kulia, ya kushoto, zote zimefungwa na kufuli zake. Vuta uone. Ukivuliwa mikanda hata dakika moja ukajisaidie au ukatoe koti, anza upya mpaka mwisho. Nimeona watu wanafungwa vizuri, upepo unabadilika, wanakaa kusubiri, mmoja anafungua paja anyooshe mguu, upepo unarudi, kila mtu anasema haya haya twende. Hizo "haya haya" ndizo ninazoziogopa.

Mchungulia_Anga

Msimu je? Nasikia Oktoba ndiyo watu wanapaa juu sana.

Mteremko

Wanapaa kwa sababu ardhi imekauka na jua linachoma, hewa ya moto inapanda kwa nguvu. Kwa rubani mwenye uzoefu akiwa peke yake ni sikukuu. Kwa abiria wa mara ya kwanza saa saba mchana ni kichefuchefu na mikunjo ya bawa. Tandemu ya utalii ni asubuhi hewa inapoanza kupanda taratibu, au jioni inapotulia. Juni hadi Agosti hakuna mvua lakini kuna siku upepo unavuma kutwa nzima huku, hizo unakunywa chai tu.

Mvua zikikaribia, kuanzia Novemba, tazama mawingu yaliyo juu ya Rungwe na Uporoto. Wingu linalokua kwa kimo kila ukilitazama linavuta hewa kutoka chini yake. Mwaka 2007 kule Manilla, Australia, rubani wa paraglaida Ewa Wiśnierska alinyonywa na wingu la radi mpaka karibu mita 10,000, akapoteza fahamu, barafu mwilini, akashuka hai. Rubani Mchina aliyenaswa na wingu hilo siku ileile alikufa. Hao walikuwa washindani wa kimataifa, si abiria. Na wingu halihitaji kuwa juu yako, upepo wake wa kumwagika unafika kilomita nyingi mbele ya mvua. Ukisikia radi upande wowote, bawa lirudi kwenye begi.

Kitonga_Juu

Swali la hela sasa. Nimelipia, nimepanda mpaka juu na gari la kukodi, rubani anasema leo haturuki. Inakuwaje?

Mteremko

Hili muhimu kuliko mnavyodhani. Kubalianeni kabla ya kulipa, kwa maandishi, hata kwa meseji: hali ya hewa ikikataa, siku inasogezwa au hela inarudi, na rubani ndiye msemaji wa mwisho. Mwandaaji wa safari asiye na kipengele hicho anampa rubani sababu ya kuruka asipotaka. Ana abiria kumi na mbili kwenye Coaster, wamevumilia kona zote, kila mmoja anatazama saa. Nimeona rubani mzuri tu akianza kuutafutia upepo visingizio kwa sababu hiyo. Msimshangilie, msimsute. Akikunja bawa, mshukuruni mkale mishikaki.

Ile karatasi ya kusaini nayo isome. Kusaini kwamba unajua hatari hakumwondolei yeye wajibu wa kukagua kamba zake. Uliza bima yake inamfunika abiria au inamfunika yeye tu, maana ni vitu viwili.

Mama_Mwanjelwa

Mwanangu umenishawishi, binti atabaki kushika mikoba, mimi nitaruka. Dera halifai nimeelewa bila kuambiwa, nitavaa suruali ya baba yao na viatu vyake vya shamba. Jumamosi tupande saa kumi na mbili alfajiri tuwahi kabla ya jua?

Mteremko

Viatu vya shamba sawa kama vinashika kifundo na havina ndoano za kamba, zile zinanasa kwenye nyuzi za bawa. Chukua koti na glavu, Mbeya ni Mbeya.

Saa kumi na mbili mapema mno mama. Alfajiri hewa ya baridi ya usiku bado inateremka mlimani kwenda Usangu, yaani inakuja mgongoni. Mpaka jua liupashe moto ule mteremko ndipo inageuka kupanda, saa tatu hivi kama mawingu hayajalifunika. Pikia watoto kwanza, halafu saa mbili mpigie rubani umuulize anaonaje huko juu.